Dakika Thelathini na Sita kutoka Shabunda

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, simu yangu ililia nikiwa ninahesabu magunia ya chumvi katika depo ya Kadutu, mjini Bukavu. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Kwenye ukurasa ule kuna magunia arobaini na moja, chini yake kuna saa ya simu, na chini ya saa kuna hesabu niliyoifanya kabla ya kumjibu mtu yeyote.

Aliyepiga alikuwa muuguzi wa kituo cha afya huko Shabunda, alikokuwa akiishi dada yangu mkubwa. Ijumaa iliyotangulia dada alikuwa anatwanga mpunga, kapi la punje likamrukia jicho la kuume. Alilisugua, akaliosha kwa maji, akaendelea kutwanga. Jumapili jicho lilikuwa jekundu na halifunguki. Asubuhi ile muuguzi alilifungua kwa vidole akaona doa jeupe katikati ya kioo cha jicho.

"Papa, hii siiwezi miye," aliniambia. "Inaomba daktari ya macho, na huku kwetu hayuko. Ndege ya abiria inatoka kwenu Kavumu saa tano, inafika huku, inageuka. Lipa kiti ya kurudi kule kule Bukavu, watupigie, tumupandishe. Leo, papa. Usiniambie kesho."

"Nimesikia," nikasema.

Sikusema leo. Nimeirudia simu ile mara nyingi kichwani, na kila mara nasikia kwamba sikusema leo.

Ni lazima nieleze kwa nini mtu wa magunia ya chumvi alikuwa na hesabu za ndege. Shule niliiacha darasa la sita. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vikuukuu vinavyouzwa chini, kando ya barabara, na kwa karatasi ambazo wauza karanga walikuwa wanafungia. Shule moja ilipotupa ramani yake ya nchi kwa sababu panya walikuwa wamekula upande wa Katanga, niliiokota, nikaibandika ukutani. Sentimita moja ya ramani ile ni kilomita ishirini za ardhi. Nina uzi mweusi wa kushonea na rula ya chuma, na nina daftari. Ndani ya daftari kuna umbali wa Bukavu mpaka Kalehe kwa barabara na kwa maji, Bukavu mpaka Uvira kwa kupitia Sange, Kavumu mpaka Goma, Kavumu mpaka Kindu. Wapagazi wa depo waliniita Papa Kilometa, na mabishano yao yote yaliishia mlangoni kwangu.

Kavumu, penye uwanja wetu wa ndege, mpaka Shabunda ilikuwa sentimita nane na milimita nne: kilomita mia moja sitini na nane. Kwa barabara sikuandika kitu, maana hakuna watu wawili waliokubaliana; mmoja alisema siku tatu kwa pikipiki, mwingine alisema wiki na mguu wa kuvimba. Lakini kwa ndege namba ilikuwa safi. Rubani mmoja aliyekuwa akibeba bidhaa zetu aliniambia kwamba ndege yake inakwenda kilomita mia mbili themanini kwa saa. Mia moja sitini na nane kugawanya kwa mia mbili themanini ni sifuri nukta sita. Sifuri nukta sita ya saa ni dakika thelathini na sita. Nilijipatia furaha nyingi kwa namba ile. Tangu utoto wangu Shabunda ilikuwa mbali, mahali ambapo mtu akienda analiliwa kidogo. Mimi nilikuwa nimeipima na kuikuta iko karibu kuliko misa ya Jumapili.

Dada ndiye aliyenifundisha tarakimu. Aliziandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko la mama, moja mpaka tisa, na sifuri pembeni. Naandika hivi si kwa kupamba. Ni sehemu ya hesabu.

Basi, baada ya kumwambia muuguzi nimesikia, nilimpigia mtu wa ndege ya abiria.

"Viti vya kurudi kutoka Shabunda leo?" nikamuuliza.

"Viko viwili. Dola mia moja na makumi tatu. Niandike jina?"

"Ngoja kidogo."

"Papa, kidogo yako ni dakika ngapi? Miye naondoka kwenda Kavumu."

"Nitakupigia."

Dola mia moja thelathini: pesa nilikuwa nazo. Zilikuwa nyumbani ndani ya kopo la maziwa, dola mia mbili na kitu, na hazikuwa na kazi ya haraka. Hilo ni lazima niliseme waziwazi, kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hutafuta umaskini wa kumsamehe mtu. Sikuwa nimebanwa. Nilikuwa nimezoea tu kutolipa bei nzima pale ninapojua njia ya bei nusu, na njia hiyo niliijua. Bosi wangu, mfanyabiashara, alikuwa anakodi ndege ndogo kila Alhamisi kupeleka sabuni, chumvi na sukari Shabunda. Ndege hiyo ilirudi na mchele na mafuta ya mawese. Mtu wa jamaa ya wafanyakazi aliweza kurudi nayo, akikaa juu ya magunia, na alilipiwa kama mzigo: senti sabini kwa kilo.

Bosi alikubali kabla sijamaliza kueleza. "Dada yako? Apande Alhamisi. Kilo kwa kilo, kama mchele wangu."

Nikampigia tena muuguzi. Na swali langu la kwanza halikuwa juu ya jicho. Nilimuuliza dada ana kilo ngapi.

"Kilo?" muuguzi akasema. "Kilo ya nini, papa?"

"Nipe tu uzito wake. Na wa furushi lake."

Nilisikia chuma cha mizani kikigonga, na sauti ya dada kwa mbali ikiuliza kitu, kisha kicheko kifupi. Hamsini na nane, muuguzi akasema. Furushi, sita. Nikaandika sitini na nne, nikazidisha kwa senti sabini: dola arobaini na nne na senti themanini. Nikakata, nikarudi kwenye magunia. Karibu saa sita nikampigia tena, nikamwambia kwamba viti vya leo vimejaa na kwamba dada atakuja Alhamisi.

"Vimejaa?" akasema.

"Vimejaa. Lakini usiogope. Ni dakika thelathini na sita tu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa nimechukua muda wa kuruka nikautia mahali pa muda wa kungoja, kana kwamba ufupi wa mmoja unaweza kuufupisha mwingine. Mpagazi yeyote wa depo asingefanya kosa hilo, kwa sababu mpagazi hajui kugawanya. Kuhusu viti, hilo halikuwa kosa. Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa sauti ya kawaida, nikiwa na kalamu mkononi.

Jumatano mvua ilianza Shabunda jioni, haikuacha mpaka asubuhi. Kiwanja cha kule ni udongo mwekundu na majani. Kikilowa, rubani mwenye akili hakigusi. Alhamisi ndege ilibaki Kavumu na sabuni yetu ndani. Ijumaa mtu wa Shabunda alipiga simu kusema kwamba kijiti alichokichomeka katikati ya kiwanja kimezama mpaka kiganja kikagusa udongo. Ndivyo wanavyokipima, na hakuna anayebishana na kijiti.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe Kavumu. Rubani alisema atajaribu. Ndege iliondoka saa nne na dakika tano. Nilikaa juu ya pipa tupu, saa mkononi. Saa nne na dakika arobaini na moja nilijua iko juu ya Shabunda. Akilini nilimwona dada akiwa amesimama pale chini na furushi lake la kilo sita. Ndege ilirudi saa tano na dakika thelathini. Mlango ulipofunguliwa, nikaona magunia yetu ya chumvi yamekaa vile vile tulivyoyapanga.

"Nimezunguka mara tatu," rubani akasema akivua miwani. "Chini kunang'aa kama sahani ya supu. Nikitua pale, watakuja kunitoa kwa jembe."

Mpakizi mmoja akacheka. "Papa Kilometa, leo andika: kwenda makumi tatu na sita, kurudi makumi tatu na sita, kufika sifuri!"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Hawakujua nangojea nani.

Jumapili ndege haikuruka. Jumatatu ikaruka, ikatua. Siku saba kamili baada ya simu ya muuguzi, dada alishuka Kavumu kutoka katikati ya magunia ya mchele, kitenge kimefungwa kichwani kikishuka juu ya jicho, unga wa mchele kwenye nywele. Alinitazama kwa jicho la kushoto kutoka miguuni mpaka juu.

"Umekonda," akasema. "Bibi yako amesahau kupika?"

"Jicho, yaya?" nikamuuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Linauma. Nilikuletea mchele mupya. Kilo sita, ndo furushi yote. Nguo nimevaa."

Yaani nilikuwa nimelipia hata zawadi yangu kwa uzito.

Mama daktari wa macho aliliangalia kwa taa muda mrefu. Alipozima taa hakuzungumza na dada, alizungumza nami. Alisema doa lilikuwa limekula kioo chote, na usaha umeingia ndani. Aliuliza kwa nini tumechelewa hivi. Tungemleta ndani ya siku mbili tatu baada ya kuona doa jeupe, alisema, matone yangeweza kusaidia.

"Mvua, daktari," nikajibu. "Kiwanja kilijaa matope."

Ilikuwa kweli kuanzia Alhamisi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano jua lilikuwa linawaka Shabunda. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti kando yangu. Aligeuza kichwa chote, kama ilivyombidi kufanya tangu hapo, ili jicho zima linione. Nilifikiri ni maumivu.

Jicho liliondolewa Ijumaa.

Hakurudi Shabunda. Alisema mpunga hautwangwi kwa jicho moja, na mimi sikubishana, ingawa nilijua wako wengi wanaotwanga hivyo. Amekaa kwetu miaka sita sasa, huku Bukavu, mtaa wa Cimpunda. Anashona. Vitu vya mbali anaviona vizuri: humtambua mtu akipanda mlima wetu kabla sijamtambua. Kinachomshinda ni kilicho karibu. Akimimina chai, miezi ya kwanza, aliimimina kando ya kikombe. Akinyoosha mkono kuchukua kisu, alishika hewa, kisha akakipata. Daktari alitueleza kwamba mtu hutumia macho mawili kujua kitu kiko umbali gani, na likiondoka moja, umbali nao unaondoka. Siku ile niliacha kufungua daftari kwa muda wa mwezi mzima. Mpaka leo sindano humpa mtu amtilie uzi. Mara nyingi mtu huyo ni mimi. Uzi ni ule ule mweusi ninaopimia ramani.

Zile pesa ambazo sikulipa niliziacha ndani ya kopo. Mwaka uliofuata zilinunua mifuko ya saruji, nikasakafia baraza mbele ya nyumba. Ndipo dada anapokaa kila siku kushona, kwa sababu pana mwanga.

Siku hizi ndege za abiria hazitoki Kavumu. Watu wanaongea habari za safari za ndege kama wazee wanavyoongea habari za treni. Juma lililopita jirani yetu, fundi wa viatu, alikuja alasiri akiwa amekasirika. Alikuwa amebishana na shemeji yake.

"Tonton, toa daftari," akaniambia. "Anasema Kavumu mpaka Shabunda ni saa moja nzima ya ndege. Miye nasema haifiki. Tumeweka dau, bia ya Primus moja."

Sikuhitaji daftari. "Kilomita mia moja sitini na nane. Dakika thelathini na sita, kama hakuna upepo."

"Aah! Nilimuambia! Makumi tatu na sita!"

Dada alikuwa kwenye baraza, shati la mtu mapajani. Hakuinua kichwa. "Miye nilitumia siku saba," akasema.

Fundi wa viatu alicheka sana. "Maman, ile ndege ilikuwa inasukumwa?"

"Ilikuwa inahesabiwa," dada akajibu.

Fundi akaenda kudai Primus yake. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni. Dada alininyooshea sindano bila kunitazama, nikaichukua, nikalamba ncha ya uzi, lakini uzi haukuingia. Nikajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Mwishoni nikaiweka sindano ukingoni mwa baraza.

"Yaya," nikasema, "Jumatatu ile."

"Ya kwanza ao ya pili?"

"Ya kwanza. Viti havikuwa vimejaa."

"Najua."

Alivuta kiti cha pembeni kwa mguu, ishara ya kwamba nikae. Nikakaa.

"Nilikuwa pale," akasema. "Muuguzi aliniambia nikangojee kwenye kiwanja, ukilipa tu nipande. Nikaenda na furushi. Jua lilikuwa kali, nimefunika jicho. Ndege ikatua, watu wakapanda, mulango ukabaki wazi, nikahesabu. Ulizani ni weye tu unajua kuhesabu? Viti viwili vilikuwa bure. Mama mumoja akaweka kuku wake juu ya kimoja. Kuku ikakuja Bukavu, miye nikabaki."

Alicheka. Kweli alicheka, mpaka shati likamwanguka. Mimi nilitazama saruji.

"Halafu muuguzi akakuja mbio kuniambia: mudogo yako anasema vimejaa. Nikamutazama. Nikatazama ndege. Nikasema, sawa, kama anasema vimejaa, vimejaa. Lakini nilikuwa nimeshajua mbele ya pale. Aliponiweka juu ya mizani, nikamuuliza, ya nini? Akasema, anauliza kilo yako. Nikacheka. Mutu wa kiti hawamuulizake kilo. Wanaulizaka kilo ya mutu wa magunia."

"Nilikusikia ukicheka."

"Basi ulisikia."

Mtoto wa jirani alipita na bidoni la maji, dada akamwitikia salamu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Miaka sita, meza moja, na kila siku nikimtilia uzi.

"Niseme nini? Ningesema, ungefungua daftari. Ungenionyesha mvua, kijiti, Alhamisi, Ijumaa. Na yote ingekuwa kweli." Aliokota shati, akalikung'uta. "Nikasema, nitamungojea. Mwaka ukiisha atasema. Mwaka ukaisha. Nikasema, tukimaliza matanga ya mama atasema. Ukasakafia baraza, ukaniambia, yaya, kaa hapa, kuna mwanga. Nikakaa. Nikasema, huyu hatasema, basi."

"Nisamehe, yaya."

"Hilo lingine," akasema. "Hilo nilishalimaliza peke yangu, zamani. Lisingalikuwa limeisha, ungekuwa unakula mboga yangu?"

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka sita kutukanwa, na nilikuwa na majibu yaliyopangwa kwa mpangilio, ambayo sasa hayakuwa na kazi. Alichukua sindano kutoka ukingoni, mkono ukapita juu yake kwanza, kisha ukarudi ukaipata. Akaishika kuelekea mwanga. Akaanza kuutafuta mdomo wa sindano kwa ncha ya uzi, polepole, akigusa chuma upande huu, akigusa upande ule. Nilinyoosha mkono kumsaidia. Akausukuma mkono wangu kwa kiwiko.

"Wacha. Leo nataka miye."

Ilichukua muda. Sikuutazama kwenye saa. Uzi ulipopita, aliuvuta mpaka ukawa sawa pande mbili, akafunga fundo.

"Sasa niambie kitu kimoja," akasema, "maana hii ndo sikuweza kuihesabu, sikujua bei. Siku ile ulibakisha ngapi?"

Daftari lilikuwa ndani, kwenye rafu chini ya ramani. Sikwenda kulichukua. Alikuwa ameacha kushona, amegeuza kichwa chote kwangu, jicho lake moja likiwa wazi, naye alikuwa anangoja kama alivyokuwa akingoja zamani mbele ya mlango wa jiko, mkaa mkononi, nimsomee tarakimu bila kukosea.

"Dola themanini na tano," nikamwambia, "na senti ishirini."